Ampu Mbili za Yoramu

Chumba cha vielelezo kilikuwa nyuma ya kituo, na upepo wa Agosti ulikuwa umekwisha kukitafutia njia. Vumbi lilitanda juu ya kila kitu: baiskeli za wizi, mapanga, magunia ya bangi yaliyopigwa lakiri. Koplo Frida aliinama, akaivuta ampu ya besi kutoka chini ya rafu, akapumua, akaivuta tena. Ilikuwa nzito kama gunia la karanga. Kwenye mkono wake wa kubebea kulining'inia kadi iliyofungwa kwa uzi: Kielelezo A, amplifaya iliyosababisha kifo.

"Ndiyo yenyewe iliyoua?" Sauti ilitoka mlangoni. Mwenye sauti hakuingia.

"Ndivyo kadi inavyosema."

"Na wewe unasemaje, dada afande?"

"Mimi nimekuita ili kadi isiseme peke yake. Ingia, Silvano. Haijaunganishwa na umeme."

Silvano alipiga gitaa la besi katika bendi ya hoteli moja ya mtaa wa Area D, na Frida alikuwa amemwomba aje na ampu yake. Aliingia ameibeba kwa mkono mmoja, kama mtu anayepeleka kuku sokoni, akaiweka sakafuni kando ya ile ya kadi. Zilitazamana kama pacha. Nyeusi zote mbili, wavu wa fedha mbele, vitufe vya kuzungusha katika mstari mmoja, na juu yake jina la kiwanda, Morven, kwa herufi zilezile za mlalo.

"Sura moja," alisema Frida.

"Sura moja, tumbo tofauti. Hiyo yenu ni toleo la zamani. Hii yangu ni toleo jipya. Kiwanda kiliacha uso uleule ili wateja wasikimbie."

Frida hakutabasamu. Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu asubuhi mzee Matonya, fundi redio wa Makole, angerudishwa mahakamani kwa shtaka la kumuua Yoramu bila kukusudia, na wakili wa serikali alikwisha kusema kwamba upelelezi umekamilika. Yoramu alikuwa mpiga besi wa kwaya ya Sauti ya Uwanda. Jumamosi moja ya Juni, katikati ya mazoezi kanisani, alisogeza mdomo kwenye maikrofoni ili aitikie, akaanguka na gitaa lake shingoni. Maelezo ya mwenyekiti wa kwaya yalisema alikuwa akitumia ampu ya zamani, ambayo Matonya alikuwa ameitengeneza wiki ileile, wala si mpya waliyochangishana. Mtaalamu aliyeitwa na kituo aliifungua, akaona ndani kiungo cha waya kilichoviringishwa mpira wa tairi la baiskeli, akaifunga, akaandika. Hakuiwasha.

Kila mtu alikuwa ameridhika. Hata mama wa marehemu, Mama Anjelina, alikwisha kumsamehe fundi hadharani, na kila Jumatano alimpelekea uji wa uwele huko mahabusu. Na Matonya mwenyewe, ambaye miezi miwili ya sakafu ya saruji ilikuwa imemvunja magoti, juzi alimwambia Frida kwamba atakiri tu, yaishe. Labda ni mimi kweli, alisema. Kisha akaongeza jambo dogo, akilitoa kama aibu: ampu ile ilimshinda. Aliirudisha bado inanguruma. Alikuwa amemwahidi Yoramu kuuondoa mngurumo, akashindwa.

Jambo hilo dogo ndilo lililomnyima Frida usingizi.

"Ipime kwanza," alisema sasa.

Silvano alichukua mita iliyoazimwa kwa fundi umeme wa kituo, akagusisha ncha moja kwenye plagi ya ampu ya zamani na nyingine kwenye bati lake la nyuma. Mshale haukutikisika. Akageuza ncha. Haukutikisika. Alikifungua kifuniko, akakivuta kile kiungo cha mpira wa baiskeli, akakipinda, akapima tena.

"Kibaya kwa sura," alisema. "Lakini kimekaza. Umeme hautoki hapa kwenda kwenye bati."

"Una hakika?"

"Dada, mpiga besi aliyewahi kupigwa shoti mdomoni hujifunza kupima kabla ya kujifunza nyimbo." Alikirudisha kifuniko. "Sasa unataka niiwashe."

"Nataka uiwashe."

"Ikinirusha, useme nilifia kazini. Mama mkwe wangu haamini kwamba nina kazi."

Aliichomeka kwenye ekstensheni ya kituo, akaiwasha kwa ncha ya kidole. Ampu ilipiga teke moja la chini, *bum*, mpaka bati la rafu likalia, na mara hiyohiyo ukafuata mngurumo mzito usiokatika, kama ng'ombe anayelalamika nyuma ya ukuta. Silvano akagusa bati kwa ncha ya mita. Hakuna kitu. Akaligusa kwa kiganja, akakiacha hapo.

"Nzima," alisema, na sauti yake haikuwa na utani. "Inanguruma, lakini ni nzima." Akaizima.

"Sasa yako."

Soketi ya ukutani ilikuwa na matundu matatu, na plagi ya Silvano ilikuwa na pini mbili. Bila kuomba aliichomoa kalamu mfukoni mwa Frida, akaisukuma kwenye tundu la juu ili yale ya chini yafunguke, akaingiza plagi, akairudisha kalamu mahali pake. Akawasha. Kimya. Baada ya pumzi moja kikasikika kitu kama mtu anayevunja njiti: *tik*. Kisha kimya tena, lakini kimya kilichokuwa hai. Alipogusa waya wa gitaa ampu ikajibu, safi, bila mngurumo wowote.

"Toleo jipya halipigi teke," alisema. "Lina mlango ndani. Ukiwasha, linajikagua kwanza, ndipo mlango unafunguka. Ndiyo hiyo tik."

Frida aliiweka bilauri yake ya chai juu ya ampu mpya ili atoe simu mfukoni. Silvano aliinyakua kabla haijatulia.

"Hapo hapawekwi kitu." Aliihamishia juu ya ile ya zamani. "Hii ya zamani unaweza kuilia ugali, kichwa chake ni ubao mtupu. Mpya kichwa chake ni matundu. Feni iko chini yake. Ndiyo pua."

Frida alitazama. Ni kweli, juu ya ampu mpya kulikuwa na safu ya nyufa nyembamba. Juu ya ile ya zamani kulikuwa na ngozi nyeusi iliyobandikwa ubaoni, na katikati yake doa kubwa la mviringo, limepauka kama ukoko.

"Wengine walikwisha kuifanya meza," alisema, akafungua simu.

Video ilikuwa ya Tabu, mwimbaji wa sauti ya kwanza, aliyejirekodi ili akajifunze sehemu yake nyumbani. Kituo kilikuwa nayo tangu siku ya pili. Kila mpelelezi alikuwa ameitazama ili aone jinsi Yoramu alivyoanguka, na Yoramu alionekana bega tu. Ampu haikuonekana kabisa.

"Usitazame," Frida alimwambia Silvano. "Sikiliza."

Kwaya iliimba. Katikati ya ubeti taa zikazimika, watu wakacheka, mtu akasema shirika la umeme nalo linataka sadaka. Kisha taa zikarudi. Hakukuwa na teke. Ilipita pumzi moja, na nyuma ya vicheko, ndogo sana, *tik*. Besi ikaanza, safi kama maji ya mtungi.

Silvano aliomba airudie. Aliisikiliza amefumba macho, kisha akaizima ampu yake.

"Alikuwa anapiga toleo jipya," alisema.

Frida aliukata uzi wa kadi kwa meno, kwa kuwa hakuwa na kisu, akaiweka kadi mfukoni.

*

Mzee Ebenezer, mwenyekiti wa kwaya, alikuwa kanisani Makole akipanga viti vya Jumapili. Alikuwa ofisa wa wizara, mtu wa shati lililopigwa pasi hata siku ya kazi za mikono.

"Bwana asifiwe, binti."

"Amina. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tulidhani mmemaliza na sisi."

"Bado kidogo. Uliandika kwamba kwaya ilikuwa na ampu mbili siku ile. Ya zamani, na mpya mliyochangishana."

"Ndiyo. Mpya ilikuwa imewekwa wakfu alasiri ileile. Tukaifunika kitambaa, izinduliwe Jumapili."

"Haikuwashwa?"

"Haikuwashwa."

Frida aliiweka simu juu ya kiti, akaifungua video. Ebenezer alisikiliza akiwa ameshika kiti kingine kifuani kama ngao. Ilipofika mahali taa zilipozimika na kurudi, Frida aliisimamisha.

"Mzee, wewe umekaa na ile ya zamani miaka. Mngurumo wake uko wapi?"

Ebenezer alikiweka kiti chini. Alikinyoosha kikae sawa na vingine, akakinyoosha tena.

"Vijana hawakuweza kungoja," alisema. "Walikuwa kama watoto wenye viatu vipya. Yoramu aliichomeka yeye mwenyewe."

"Na polisi walipofika walikuta ya zamani ndiyo iliyochomekwa."

"Niliibadilisha mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu zote mbili zilikuwa jukwaani, binti yangu. Zimegusana. Nikajiuliza, katika hizi mbili, ipi inaweza kuua? Hii imetoka kuombewa muda si mrefu, kanisa zima limeinua mikono. Ile nyingine inaingia na kutoka kwa fundi kama mgonjwa wa kifua." Alimtazama usoni, na Frida akaona, kwa uchungu, kwamba hakuwa akimdanganya. "Kitu kilichowekwa wakfu kinauaje? Sikuona kwamba ninasema uongo. Niliona ninawasaidia mfike kwenye ukweli upesi."

"Mzee Matonya ana miezi miwili ndani."

"Najua."

"Ana miaka zaidi ya sitini."

"Najua, binti. Tunamwombea kila Ijumaa."

Frida alichukua simu yake kutoka kwenye kiti. "Ile mpya iko wapi?"

"Watu walikuwa wanaikwepa jukwaani. Hawakusema kitu, walikuwa wanaikwepa tu. Mwezi uliopita tukaona kuliko ikae bure, tuwape wenzetu wa tawi la Chemba. Kule hawajui habari zake."

"Mmewapa waitumie?"

Ebenezer alifungua mdomo, na hapo tu, kwa mara ya kwanza, uso wake ukafika mahali ambapo maneno yake yalikuwa yamefika kitambo. Alikaa kwenye kimojawapo cha viti alivyokuwa amevipanga.

Namba ya mwinjilisti wa Chemba iliita mpaka ikachoka. Frida aliipiga tena akiwa anaelekea kwenye gari.

*

Mwinjilisti alipokea asubuhi iliyofuata, wakati gari la kituo limekwisha kushika barabara ya Kondoa. Alisema simu ilikuwa imeisha chaji. Alisema ampu wanayo, wanaishukuru sana kwaya ya mjini, ila hawajaiwasha hata siku moja, maana sola ya kanisa inatosha taa mbili tu. Silvano, aliyekaa kiti cha nyuma na mfuko wa bisibisi mapajani, aliegemeza kichwa kwenye kioo, akakaa hivyo mpaka Chemba.

Waliikuta mbele ya madhabahu, imevikwa kitambaa cha kufumwa, na juu yake chombo cha maua ya plastiki. Silvano aliyaondoa maua. Akaigeuza ampu, akaishika plagi, akaiinua kwenye mwanga.

Kulikuwa na pini mbili. Mahali pa pini ya tatu, ile ndefu, palikuwa na kisiki cha shaba chenye alama za msumeno.

"Ethi imekatwa," alisema.

"Nani amekata?"

"Sisi sote hukata. Ekstensheni za kwaya na za bendi zina matundu mawili mawili. Pini ya tatu inakuwa adui yako." Alipitisha kidole juu ya kisiki. "Zile za zamani zilikuja na pini mbili tangu kiwandani, na ndani zimefungwa kwa namna ya kuvumilia. Hizi mpya zinaitegemea hii ya tatu. Ndiyo njia ya kutorokea. Umeme ukipotea ndani unapita humo, fyuzi inakatika, unabaki na hasira tu. Ukiikata, umeme unakaa kwenye bati na nyuzi za gitaa, unamsubiri mtu aguse maikrofoni."

"Na yako ya jana?"

"Niliikata mwenyewe. Sikujali." Alitazama pembeni. "Nitabadilisha."

Frida aliandika. Kukatwa kwa ethi kulieleza kwa nini Yoramu hakuokoka. Hakukueleza kwa nini umeme ulipotea ndani ya ampu iliyokuwa haijamaliza siku moja nje ya katoni yake. Ubovu wa kiwandani? Kama ni hivyo, wakili wa serikali angeuliza mtaalamu, mtaalamu angeomba muda, na Matonya angekiri wakati watu wanajadiliana.

"Fungua."

Skrubu zilitoka kwa tabu, kana kwamba zimeota kutu katika nchi isiyo na unyevu. Silvano alipoinua kifuniko chenye nyufa, wote wawili walirudi nyuma kidogo. Chini ya nyufa feni ilikuwa nyeupe. Ubao wa nyaya ulikuwa na ukoko mweupe uliotiririka kwa michirizi kutoka juu kwenda chini, ukapita pale umeme unapoingilia, ukaishia kwenye bati. Njiani shaba ilikuwa imegeuka kijani, na mahali ukoko ulipokutana na bati palikuwa na doa jeusi la kuungua, dogo kama punje ya mtama.

"Maji," alisema Frida. "Maji yaliingia kwa juu."

"Maji hukauka yakaondoka. Haya yameacha kitu." Kabla hajazuiwa Silvano alikuna mchirizi kwa ukucha, akaonja. Akatema mate kando, akakumbuka yuko kanisani, akaomba radhi kwa mkono. "Chumvi."

Mwinjilisti alikuwa amesimama nyuma yao, amekumbatia maua ya plastiki.

"Ni ya wakfu," alisema taratibu, kama mtu anayesaidia. "Kanisa letu huweka wakfu vyombo kwa maji ya chumvi yaliyoombewa. Kama Elisha alivyoitia chumvi chemchemi ya Yeriko."

Frida hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye michirizi, lakini alichokuwa akikiona ni lile doa la mviringo lililopauka, juu ya ubao wa ampu ya zamani, ambalo jana aliliita alama ya meza.

Alitoka nje, akampigia Ebenezer.

"Mzee, swali moja. Nani huviweka wakfu vyombo vya kwaya? Anayemimina maji, kwa mkono wake, ni nani?"

"Mama Anjelina," alisema Ebenezer. "Ndiye mkubwa wetu katika maombi. Hata ile ya zamani aliiweka wakfu yeye, Yoramu akiwa bado anajifunza. Kwa nini unauliza?"

Mkuu wake, Mkaguzi Thobias, alimsikiliza kwenye simu mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Kazi nzuri, Frida. Lakini chumvi inaweza kuingia popote. Imekaa Chemba mwezi mzima. Wakili wa serikali atasema hao wa Chemba ndio waliomwaga. Nahitaji maelezo ya aliyemimina. Yaliyotiwa sahihi. Nikiwa nayo leo, Jumatatu shtaka linaondolewa na mzee anarudi kwake."

"Aliyemimina ni mama wa marehemu, afande."

"Nimekusikia. Hatashtakiwa. Hakuna sheria yoyote itakayomgusa."

"Ndiyo, afande," alisema Frida. "Sheria haitamgusa."

*

Mama Anjelina alikuwa uani kwake, upande wa Makole usiofikiwa na lami, amekaa kwenye kigoda, anachambua majani ya mlenda yaliyokauka katika ungo. Gitaa la Yoramu lilikuwa limetundikwa ndani, likionekana kupitia mlango uliokuwa wazi, limevishwa mfuko wa mto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbukwa," alisalimia na kwa lugha ya kwao. "Vuta kigoda. Umetoka mbali, vumbi limekupaka poda."

"Chemba, mama."

"Chemba wana mlenda mzuri. Huu ni wa Chemba." Aliendelea kuchambua. "Umemwona Matonya? Jumatano alinirudishia nusu ya uji. Nikamwambia, usipokula, msamaha wangu utakaa wapi?"

Frida alifungua mkoba, akatoa karatasi za maelezo. Kwa miaka minne ya kazi alikuwa amehoji wezi, walevi, na mwanamume mmoja aliyemchinja ndugu yake kwa ajili ya mpaka wa shamba. Alichagua maneno yake kwa uangalifu zaidi sasa.

"Mama, nina maswali machache kuhusu siku ile. Majibu yako naandika, kisha unatia sahihi. Yatapelekwa mahakamani Jumatatu."

"Yatamsaidia Matonya?"

"Yatamtoa, mama."

Uso wa mama ulifunguka kama dirisha. Aliuweka ungo magotini vizuri.

"Basi uliza, na uandike yote. Usiache hata moja."

"Ni wewe uliyeiweka wakfu ampu mpya?"

"Ni mimi."

"Kwa maji?"

"Maji ya kisima na chumvi ya mawe. Nilifunga tangu Alhamisi. Chumvi niliitia nyingi, hakikuwa kitu kidogo kile, watu walijinyima."

"Uliyamiminaje?"

"Nikueleze?" Aliinua mikono miwili, akashika gudulia lisilokuwepo. "Ile ya zamani, miaka ile, niliimwagia kwa juu, pale kwenye ubao. Maji yakakaa palepale, yakakauka, yakaacha alama. Tangu siku ile moyo wangu haukutulia. Nikasema baraka imebaki nje. Ndiyo maana haikupona ile, kila siku kwa Matonya, kila siku kwa Matonya. Sasa hii mpya nikaiangalia vizuri. Nikaona kichwani ina nyufa. Nikasema, asante Bwana, hii ina mdomo. Nikamimina polepole, nikazifuata nyufa moja moja, mpaka gudulia likaisha. Ibarikiwe mpaka ndani."

Kalamu ya Frida ilikimbia. Hakuinua macho.

"Yoramu alikuwa wapi?"

"Alikuwa ananishikia gudulia. Mikono yangu inatetemeka siku hizi. Aliniambia, mama, inatosha. Nikamwambia, baraka haijawahi kutosha, shika vizuri. Akacheka. Akapangusa kwa juu na shati lake, akasema haya mama, sasa imelewa." Mama alicheka kidogo na yeye, akafuta jicho kwa upande wa kiganja. "Ndiyo kucheka kwake kwa mwisho na mimi. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Hata hilo la kulewa?"

"Hata hilo."

"Basi lete nitie sahihi, umwahi Matonya."

Kanuni inataka shahidi asomewe maelezo yake, yote, kwa sauti, kabla ya kutia sahihi. Frida aliitazama karatasi. Mtu mwingine angeweza kuikunja, akaonyesha mstari wa chini, mama wa watu akaandika jina lake na kurudi kwenye mlenda wake na msamaha wake. Kisha Jumatatu mahakamani wakili angeyasoma maelezo hayo mbele ya kwaya nzima, na mama angeyaelewa huko.

"Lazima nikusomee kwanza, mama."

"Soma, mwanangu."

Alisoma. Alisoma polepole, kwa sauti ya kawaida, jina, umri, dini, makazi. Vidole vya mama viliendelea kuchambua: jani huku, kijiti kule. Alisoma maji ya kisima. Alisoma chumvi ya mawe. Alisoma ampu ya zamani, ubao, maji kubaki juu na kukauka. Alisoma nyufa, na gudulia, na mpaka ndani.

Vidole vilisimama.

Upepo uliinua majani mawili ya mlenda kutoka kwenye ungo, ukayapeleka ukutani. Hakuna aliyeyafuata.

"Rudia hapo," alisema Mama Anjelina.

Frida akarudia.

Mama aligeuza shingo, akatazama ndani, kwenye gitaa lililovishwa mfuko wa mto, akalitazama kwa muda ambao Frida hakutaka kuupima. Aliuweka ungo chini. Alijipangusa mikono kwenye kanga, mmoja, kisha mwingine, kwa makini, kama anayejiandaa kula na wageni.

"Malizia," alisema.

Frida alimalizia, mpaka kwenye kucheka.

"Nipe kalamu."

"Mama, ukipenda unaweza kuweka dole gumba. Wino ninao."

"Najua kuandika jina langu. Yule mzee anasubiri."

Alishika kalamu. Mkono ulianza kutetemeka kabla haujafika kwenye karatasi, na ulipofika, ncha iligonga hapa na pale kama kuku anayedonoa, haikuweza kukaa kwenye mstari. Mama alisubiri. Kisha, bila kuinua uso, akasema kwa sauti ya chini, "Aliyekuwa ananishikia hayupo."

Kanuni hairuhusu mpelelezi kuugusa mkono wa shahidi anayetia sahihi. Frida alipiga magoti vumbini, akaikandamiza karatasi kwa viganja vyake vyote viwili, isitikisike, na herufi ya kwanza ikaanza kutoka.